Zulia Bichi Upande wa Bibi

Muuguzi aliinama kumfunga Bibi kitambaa cha kupimia presha, akasita. Akainama tena, safari hii karibu zaidi na kifua, pale ulipoingizwa mrija unaopeleka damu yake kwenye mashine. Kisha akavuta pazia, akavaa glavu na kuanza kubandua bandeji.

"Unafanya nini?" Bibi akauliza.

"Samahani, Sista. Nasikia harufu. Nataka niwe na hakika mrija haujaingia uchafu."

Alimwita Sista kwa sababu Bibi ndiye aliyemfundisha kazi. Miaka thelathini na minane Bibi alikuwa muuguzi, na kumi ya mwisho alifanya kazi kwenye jengo lile lile ambalo sasa anakwenda kusafishwa damu, Jumanne na Ijumaa, tangu figo zake zilipochoka. Wauguzi wote wa wodi ile walipita mikononi mwake. Aliwafundisha kwamba kidonda hakikaguliwi kwa macho peke yake, hukaguliwa pia kwa pua. Sasa mwanafunzi wake alikuwa akimnusa.

Kidonda kilikuwa kisafi, hakina tone la usaha. Muuguzi akanusa mtandio, akanusa bega la gauni.

"Basi ni nguo tu," akasema kwa upole, lakini kwa sauti iliyofika mpaka kitanda cha nne.

"Si nguo zake," nikadakia. "Ni gari letu."

Bibi alinitazama kwa jicho la kuninyamazisha, akageuza uso ukutani mpaka saa nne za mashine zikaisha.

Tulirudi nyumbani madirisha yote yakiwa wazi. Nilipomfungulia mlango alishuka, akashika fimbo yake, akanyoosha mgongo.

"Mke mwenza," akaniambia. Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, kwa kuwa anasema nilimpora marehemu Babu siku niliyozaliwa. "Nakwambia jambo, na usinune. Gari hili sipandi tena mpaka hiyo harufu iishe."

"Bibi, Ijumaa ni zamu yako."

"Zamu za wodi ile nimezipanga mimi wewe hujazaliwa. Usinifundishe zamu."

Hapo ndipo moyo wangu ulipoingia baridi. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minane nyuma. Nilikuwa nimetuma barua za maombi ya kazi arobaini na moja na kujibiwa tatu, zote za kunitakia kila la heri. Baba huondoka alfajiri kwenda kazini kwa gari la kampuni. Kumpeleka Bibi hospitali ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo, na nilikuwa naifanya kwa moyo wote. Nilijiambia kwamba hata kama nchi nzima haijagundua faida yangu, kuna mtu mmoja ambaye bila mimi damu yake haisafishwi. Na sasa kazi hiyo nayo ilikuwa inanitoka, kwa sababu ya harufu.

Nayo haikuwa harufu ya mzaha. Ukiwasha kiyoyozi, kwa pumzi mbili tatu za mwanzo matundu ya hewa yalitoa ubaridi mtupu, ukadhani umepona. Halafu ikaja. Taulo bichi lililosahauliwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, na ndani yake uchachu fulani uliokaa kooni. Ukizima kiyoyozi haikuondoka, ilipungua tu. Na kwenda bila kiyoyozi kulikuwa na shida yake: barabara ya hospitali ilikuwa inachimbwa, vumbi jekundu, na Bibi akitoka kwenye mashine presha huwa chini, joto kidogo tu anazimia.

Jumatano nikalivaa tatizo kisomi. Nina daftari la gari ambamo huandika kila kitu: safari, upepo wa tairi, oili. Nikaanza ukurasa mpya wa harufu, daraja la kwanza hadi la tano. Nikakata malimau na kuyapanga kwenye dashibodi. Nikaweka unga wa kahawa kwenye visosa chini ya viti. Nikapangusa matundu yote kwa kijiti cha pamba na sabuni. Nikawasha. Daraja la nne.

Shangazi, dada yake Baba, alipita kutujulia hali, akacheka.

"Mwanangu, mnateseka na dawa mnayo," akasema, akatoa kwenye mkoba chupa ya marashi ya waridi. Kabla sijamzuia alikuwa amekwisha pulizia ndani ya matundu yote manne. Jioni Baba naye, bila kumuuliza mtu, akatumbukiza garini vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kwenye makabati ya nguo.

Nikamwita Bibi aje ajaribu. Akaja hadi mlangoni, akaingiza pua tu.

"Mh," akasema. "Sasa linanuka kama maiti aliyealikwa harusini."

"Bibi, angalau imepungua?"

"Haijapungua, imevishwa." Akanusa tena, taratibu, akiwa amefumba macho. Nilimwona muuguzi mkuu wa zamani amerudi usoni mwake. "Hii naijua. Hii ni ya kidonda kilichofungwa bandeji kubwa, kikiwa kibichi. Kuna mahali pamefungwa hapa, pakakosa kupumua. Tafuta palipofungwa."

"Bibi, gari halina kidonda," nikasema. Nilikuwa nimechoka, na mikono ilinuka limau na dawa ya nondo.

Alipogeuka kuondoka, nikainama kutoa kisosa upande wake, kiti cha mbele cha abiria. Vidole vyangu vikagusa zulia. Lilikuwa bichi. Nikalibinya, yakatoka maji kwenye nafasi za vidole.

Hapa naandika jambo ambalo ningependa kulificha. Watu wanaosafishwa damu wamewekewa kipimo cha maji. Bibi wetu anaruhusiwa vikombe vitatu vidogo kwa siku, basi. Kiu inamtesa, naijua. Nikaliona lile zulia, mahali hasa anapoweka miguu, na akili yangu iliyosoma ikaunganisha moja na moja.

"Bibi," nikamwita. "Unakunywa maji kwa siri ndani ya gari?"

Akasimama. Hakugeuka mara moja.

"Unasemaje?"

"Zulia limelowa upande wako. Sikulaumu. Ila nieleze tu, maana yakimwagika yanaoza, na harufu ndiyo hiyo."

Ndipo akageuka. Nilitegemea tusi la utani, nikalisubiri. Halikuja.

"Umesema," akajibu, akaingia ndani.

Alhamisi niliamka na hasira na kila kitu chenye matairi. Nikaling'oa zulia lote, nikalisugua, nikalitandaza juani kutwa. Wakati linakauka nikaenda kwa fundi wa pale njia panda, akafungua nyuma ya kijisanduku cha mbele ya abiria na kuchomoa kichujio cha hewa. Kilikuwa cheusi, kimejaa majani na mabawa ya wadudu. Nilikaribia kumkumbatia.

"Ndicho hiki!" nikasema.

"Ndicho hicho, dada," akakubali, kwa kuwa fundi yule hukubali kila kitu.

Tukaweka kipya. Nikarudisha zulia kavu, likinukia sabuni. Nikakaa ndani ya gari uani, kiyoyozi kikiwa juu kabisa, saa nzima, daftari mapajani. Daraja la pili. La pili. La tatu. Ilipogonga saa kumi na moja jioni nikaandika namba nne, nikaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika.

Ijumaa Bibi alivaa kama kawaida. Gauni lililopigwa pasi, mtandio safi, saa yake ya uuguzi kifuani. Alikuja mpaka garini, akafungua mlango mwenyewe, akanusa, akafunga. Akarudi kuketi kwenye kiti cha barazani.

Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini. "Mama, nakuitia teksi," akasema.

"Hapana."

"Mama, tafadhali. Hili si jambo la kubishana."

"Nikienda na teksi nikafika sinuki, watasema leo kaoga." Akaufunga mkono juu ya fimbo. "Wale ni watoto wangu. Nilikuwa nawarudisha nyumbani wakija na kola chafu. Leo nikaingie pale wakinitafuta usaha? Nataka ile harufu ijulikane ilitoka wapi. Nikiijua, nitapanda hata mkokoteni."

Baba akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini, na chini nikaona miguu ya Bibi. Ilikuwa imeanza kuvimba, vifundo vimepotea.

Mchana muuguzi akapiga simu. "Kesho saa nane nina mashine moja wazi," akasema. "Mlete. Akikosa hiyo, Jumanne ni mbali mno. Maji yatapanda mapafuni, na yeye mwenyewe anajua maana yake."

Nikaenda garini kulia, maana ndani ya nyumba kila chumba kilikuwa na mtu. Nikaketi kiti cha abiria, nikavua viatu. Miguu yangu ikalowa.

Nikashtuka. Zulia lile nililikausha jana. Bibi hakuingia ndani ya gari tangu Jumanne. Hakuweka hata unyayo.

Hakuwa yeye. Nilikaa pale na soksi zilizolowa, nikikumbuka alivyosimama bila kugeuka, na neno lake moja, umesema. Mtu anayepanga vikombe vitatu mezani kila asubuhi na kuvifunika kwa visahani, na mimi nikamwita mwizi wa maji yake mwenyewe. Na bado sikujua harufu ilikotoka. Niliegemea upande wa dereva, nikapiga usukani kwa ngumi mpaka honi ikalia, na jirani yetu akachungulia.

Jirani huyo tunamwita Bwana Saruji. Ua ni wa nyumba mbili, yetu na yake, na mwezi uliotangulia aliutia sakafu ya saruji wote, kwa mikono yake mwenyewe. Tangu hapo anaulinda kama mboni ya jicho.

"Kuna nini tena na hilo gari?" akauliza.

"Linanuka," nikasema.

"Mradi halivuji," akasema, akafunga dirisha.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa kwa Fundi Barafu. Huyu hashughuliki na injini wala breki, ni viyoyozi tu, vya magari na vya majumbani, na jina amelipata humo. Ana nywele za mvi na macho ya usingizi, na hakukubali neno langu hata moja.

"Ni kichujio?" nikamuuliza.

"Kichujio ni kipya. Nani kapulizia waridi?"

"Shangazi."

"Mpe pole." Akaacha kiyoyozi kiungurume nusu saa, kisha akalala chali akachungulia chini ya gari. Akabaki huko muda. "Chini pakavu," akasema.

"Ndiyo, pakavu."

"Siku ya joto hivi, kiyoyozi kimewaka nusu saa, na chini pakavu. Mimi gari kavu hunitia hofu." Akatoka, akajipangusa. "Harufu imeanza lini, msomi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimejiandaa nalo. Nikafungua daftari kwa fahari. "Tarehe tisa: harufu hafifu ndani ya gari."

"Rudi nyuma."

"Tarehe sita: safari ya hospitali, salama. Tarehe tano: upepo, tairi ya nyuma kushoto. Tarehe nne: nimeziba uvujaji wa maji chini ya gari, kazi..."

Sikumalizia. Neno lililofuata lilikuwa "safi", na nilikuwa nimelipigia mstari mara mbili.

"Soma tena," Fundi Barafu akasema polepole.

"Nimeziba uvujaji."

"Uliziba wapi?"

Ikanirudia yote. Bwana Saruji mlangoni kwetu, amekunja uso: gari lenu linadondosha maji, sakafu yangu itaota ukungu. Mimi nikilala chini ya gari, binti wa chuo, nikipata kijimpira chembamba kama mrija, kinachochungulia chini kikidondosha tone baada ya tone. Nikatafuta kitu cha kukiziba, nikakata kisigino cha ndala kuukuu, nikakichonga kama kizibo, nikakisukumia ndani na kukifunga kwa waya. Baba alinipiga bega mbele ya Bwana Saruji. "Mnaona? Elimu haikwenda bure," akasema. Wiki ile sikutuma barua hata moja ya kazi, nilikuwa na furaha zangu.

"Kiyoyozi kinakamua unyevu kwenye hewa," Fundi Barafu akanieleza, naye sasa hana usingizi tena. "Nyuma ya dashibodi kuna kitu kama rejeta ndogo, ni baridi sana, kinatoa jasho. Jasho lile lina njia moja tu ya kutokea, hako kampira. Umekaziba. Maji yakajaa mle ndani, yakaota kuvu, yaliyozidi yakamwagikia kwenye zulia la abiria. Na kila ulipokiwasha kupima harufu, ulikiongezea maji."

Nilikumbuka saa nzima ya Alhamisi, daftari mapajani. Nilitamani ardhi inimeze pale pale kwenye oili yake.

"Ulizibia nini?"

"Ndala."

Alicheka mpaka akashika boneti. "Dada, usilie. Kuna mwanaume alinijia ameziba kwa gundi ya bomba. Wewe angalau una kisigino, kinatoka."

Alikata waya, akakamata kizibo kwa koleo, akavuta. Maji yakabubujika. Hayakuwa maji, ulikuwa mchuzi wa kijivu wenye nyuzi nyuzi, na harufu iliyotoka nayo ilinifanya nirudi hatua tatu. Yalitiririka mpaka nikashindwa kuamini kwamba gari dogo vile lingeweza kubeba kisima. Kisha akapuliza dawa yenye povu kupitia njia ya hewa, akaacha povu lile lile litoke chini, kwanza jeusi, halafu la kahawia, mwisho jeupe. Tukang'oa zulia tukaliacha kwake juani.

"Kaharufu ka dawa katakuwepo siku tatu nne," akaniambia. "Kakiisha, kameisha. Na usizibe kitu tena bila kuuliza kinatoa nini."

Nilifika nyumbani saa sita na nusu. Bibi alikuwa barazani, anapumua kwa mdomo kidogo, miguu juu ya kigoda. Baba alikuwa amesimama nyuma yake na simu mkononi. Nikapiga magoti, nikaweka kile kipande cha mpira kwenye kiganja chake. Kilikuwa cha buluu, kimefunikwa utelezi.

"Nini hiki?"

"Ndiyo harufu, Bibi. Nimeiziba njia ya maji ya gari mimi mwenyewe. Pale palipofungwa, uliponiambia nipatafute, nilipafunga mimi." Nikakiachia kiganja chake. "Na maji ya kwenye zulia ni ya kiyoyozi. Hukunywa. Nilikusingizia. Nisamehe."

Alikigeuza kipande, akakisogeza puani. Akafumba macho, akafumbua.

"Hii si ndala yangu ya bafuni? Nimeitafuta mwezi mzima."

"Ndiyo yenyewe. Ya kushoto."

Bega lake likaanza kutikisika. Nilidhani amebanwa pumzi, nikaruka. Alikuwa anacheka, kwa shida, kwa kukohoa, mpaka Baba naye akaanza bila kujua anacheka nini.

"Kwa hiyo yule mtoto wa wodini alikuwa sahihi," akasema. "Ni mimi niliyenuka. Mguu wangu wa kushoto." Kisha kicheko kikaisha, akanishika kidevu na kuninyanyua uso. "La maji limeniuma. Nisikudanganye, limeniuma sana. Kiu naijua mwenyewe, na kwenye kipimo sijaiba hata tone."

"Najua, Bibi."

"Sasa ndiyo unajua." Akachukua fimbo. "Lete mkoba wangu."

Akakifunga kile kipande kwenye mfuko wa nailoni, fundo mbili, akakitia mkobani. Mlangoni mwa gari akasimama, akanusa.

"Dawa ya kuoshea sakafu za wodi," akasema. "Hii inavumilika." Akaingia.

Saa nane kasoro dakika kumi yule muuguzi alituvutia pazia. Bibi hakusubiri apimwe presha. Alifungua mkoba, akatoa ule mfuko, akaunyoosha.

"Fungua unuse," akamwambia. "Ndiyo hii ya Jumanne?"

Muuguzi akanusa, akageuza kichwa haraka. "Ndiyo, Sista. Ndiyo yenyewe! Nini hii?"

"Ulikuwa na haki ya kufungua bandeji. Pua yako ni nzima, nimekufundisha vizuri," Bibi akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kitanda cha nne. "Ila kosa si langu. Ni la mke mwenza wangu huyu. Keti, nikusimulie."

Nikawaacha. Nilitoka kwenda kuzima gari, maana kwa haraka ya kumshusha nilimwachia mlinzi wa pale kivulini likinguruma. Chini yake, upande wa abiria, palikuwa na kidimbwi cha maji safi, na tone jingine linaning'inia.

Mlinzi alinikimbilia. "Binti, gari lako linavuja!"

"Liache livuje," nikamwambia.

Nikachuchumaa kulitazama likidondoka. Nyumbani itanibidi nimtafutie Bwana Saruji beseni la kukingia matone.